Pini ya Samaki wa Mwalimu

Nimestaafu. Jirani zangu wa Shirere wamelicheka neno hilo tayari. Mmoja aliniuliza kama nimeshanunua fimbo ya kutembelea. Nina miaka ishirini na sita. Lakini mtu akifanya kazi moja kwa miaka minane, kisha daktari akamwambia asiiguse tena, sijui aseme nini kingine. Mama Imali amenitaka niwaandikie ninyi wawili, Brenda na Titus, yale ninayoyajua kuhusu meza ya nyuma ya duka lake. Amesema niandike kwa sababu mkiningoja niseme, ninyi pia mtastaafu. Nimeandika kwa wiki tatu. Siku nyingine ukurasa mzima, siku nyingine mistari minne.

Nilifika dukani nikiwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikakata miwa upande wa Matungu misimu michache, na siku hiyo nilikuwa nimekuja na lori kupakua magunia ya chakula cha samaki. Duka lilikuwa kama lilivyo sasa. Mbele kulikuwa na chakula na nyavu za wenye mabwawa, ndoana, kamba na fimbo za kuvulia. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja chenye meza, dirisha, na mlango unaotokea kwenye tangi la saruji lililo wazi, refu kama jeneza la mtu mrefu. Wakati wa kupumzika nilitoa kisu nimenye muwa. Mama Imali, mwenye duka, akakinyakua mkononi mwangu. Hakuangalia makali. Aliangalia mpini, ambao nilikuwa nimeuchonga kama kichwa cha mamba.

"Nani amechonga hii?"

Nilijionyesha kwa kidole.

"Wewe huongeanga?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Naona," alisema. "Basi utakaa nyuma. Mbele nahitaji watu wa kelele, na mimi natosha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuulizwa cheti, na ilikuwa heri, kwa sababu nilikuwa nimekiacha kwa nyanya yangu na panya walikuwa wamekisoma kabla ya mwajiri yeyote.

Mama Imali mwenyewe alijifunza kazi hii ziwani, kwenye kambi ya wavuvi wa kitalii. Aliingia kama mpishi. Wageni walikuwa wakivunja vifaa vyao vya kuvulia kila siku na hakuna aliyejua kuvitengeneza, akaanza yeye, jikoni, kwa koleo ya kugeuzia nyama. Alipochoka na mbu alirudi nyumbani Kakamega na sanduku la vifaa na ile sauti yake ya kuita mashua iliyo mbali. Mmeizoea. Mimi ilinichukua mwaka kuacha kuruka.

Kazi ya meza ya nyuma ni samaki bandia. Wateja wengine huwaita suimbeti. Ni chambo kilichotengenezwa kwa umbo la samaki, nacho ukikivuta majini kinaogelea. Wengine ni wa mpira laini, wenye mkia mpana unaopigapiga kama kasia. Wengine ni wa mti, mwili umekatwa vipande viwili, vitatu au vinne, na vipande vimeshikanishwa kwa vikuku vya waya na pini ili ajipinde kama aliye hai. Wanaowanunua ni wale waendao ziwani kutafuta mbuta, yule samaki mkubwa kuliko wote huko, na wale wanaovua mumi, yaani kambare, wakubwa kwenye mabwawa. Wapo pia wasiovua kabisa, wanaowaweka kwenye kabati la vioo sebuleni. Hao msiwacheke. Ndio wanaolipa bila kulalamika.

Sasa niwaambie kosa langu, maana Mama Imali atawaambia hata nikinyamaza, na yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa siku yangu ya nne. Mama alikuwa amekwenda Likuyani kupeleka nyavu, na angekaa huko wiki nzima. Akaja Mwalimu Shivachi, yule wa Shinyalu mwenye bwawa chini ya majani chai yake. Wakati huo nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alinunua chakula cha samaki, kisha akavuka kaunta, akaja nyuma na kuweka juu ya meza samaki wa mti aliyefungwa kwa gazeti.

"Pini ya katikati imepinda," alisema. "Nitapitia Ijumaa, kijana."

Nilipofungua gazeti nilimwonea huruma yule samaki. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo, vipande vitatu, mti wa seda, rangi imebaki kama kumbukumbu tu. Mwili wake ulikuwa umejaa mashimo na mikwaruzo. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha mikono yangu inaweza nini. Nilimpiga msasa siku nzima mpaka chumba kikanukia seda. Mikwaruzo midogo ilitoka. Mashimo makubwa yalikataa, kwa hiyo nilichanganya vumbi la mbao na gundi nikayaziba moja baada ya jingine kwa ncha ya kisu. Nikampaka rangi mara tatu: mgongo kijani, tumbo njano, mashavu mekundu. Nikamchorea macho mapya. Nikamalizia kwa vanishi. Wanafunzi waliokuwa wakipita nje walisimama dirishani. "Buda, hiyo imeweza," mmoja akasema, na mimi nikajificha chini ya meza nikijidai natafuta brashi, lakini nilifurahi mpaka masikio yakawa moto.

Ijumaa Mwalimu akaja. Alimchukua samaki, akamgeuza upande huu na upande ule, akapitisha kidole gumba shingoni kama mtu anayetafuta kifungo cha shati gizani.

"Makovu yako wapi?"

Nilitabasamu na kumwonyesha kwamba yamekwisha.

Alimlaza samaki mezani, akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nilileta pini." Alipomwinua samaki aondoke, mkia ulining'inia upande. Hapo ndipo nilipokumbuka. Pini sikuwa nimeigusa.

Mama Imali aliporudi akasikia habari hizo hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikaa juu ya gunia akanieleza. Samaki yule alichongwa na babake Mwalimu, aliyekuwa mvuvi ziwani maisha yake yote. Mbuta hana meno marefu. Ana meno madogo mengi kama tupa, na akibana mti anaacha mkwaruzo. Mkwaruzo hufutika kwa matumizi. Kwa hiyo yule mzee, kila alipopata mbuta wa kuzungumziwa, alikuwa akichimba ule mkwaruzo kwa ncha ya kisu uwe kovu lisilofutika. Kila shimo lilikuwa samaki mmoja, na siku yake, na habari zake. Mzee alikuwa ameshafariki.

"Lilikuwa daftari la babake," Mama alisema. "Wewe umelifuta, halafu ukalipaka kijani."

Nilichukua koti langu.

"Unaenda wapi?"

Nilionyesha nje.

"Huko nje kuna samaki wa nani mwingine unataka kumharibu? Kaa hapa. Ujifunze kwanza, mwana wanje, mwanangu, ndipo uende."

Nilikaa. Mwalimu aliendelea kununua chakula cha samaki kwetu, lakini alikuwa akisimama mbele, akilipa, akiondoka. Kaunta hakuivuka tena. Kama mnataka kujua nilichokuwa nikikitafuta miaka yote minane kwenye ile meza, ni hicho: Mwalimu avuke kaunta tena na kuniwekea kitu mkononi.

Nilianza kujifunza. Jambo la kwanza ni sheria ya duka: bei haitajwi kavu. Mtu akileta samaki bandia wa kuuza, na mwingine akitaka kumnunua, wote wawili wanasimama kando ya tangi. Mpimaji anamfunga samaki kwenye kamba, anamvuta majini wakiona, anamtoa, na huku maji yakimtiririka anataja thamani kwa sauti, mbele ya wote. Mama aliweka sheria hiyo kwa sababu ya mambo aliyoyaona ziwani, watu wakinong'ona bei mbili tofauti kwenye masikio mawili tofauti. Ni sheria nzuri. Kwangu ilikuwa mateso.

Mara ya kwanza niliandika thamani kwenye karatasi nikampa Mama aisome. Aliitumbukiza tangini.

"Karatasi haina koo," alisema. "Wewe unalo, nimeona ukimeza ugali."

Basi kwa miaka mingi tulifanya hivi: mimi nilivuta samaki, nikamnong'oneza Mama, Mama akatangaza mpaka watu wa Soko la Juu wakasikia. Wateja walidhani ni utaratibu wa kitaalamu.

Kuhusu kupima, nitaandika nilivyofundishwa. Mkipewa samaki, msimwangalie. Mfumbe macho mumshike kwanza. Mkono utawaambia kama risasi ya uzito iliyo tumboni imekaa katikati au imesogea. Mkimweka majini, mwacheni atulie peke yake. Anayelala ubavu ameshajibu swali. Anayezama ashuke taratibu, kichwa na mkia sawa, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Kisha vuta polepole, polepole kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kila samaki bandia huogelea ukimvuta kwa kasi, hata kiatu kitaogelea. Mzuri anajulikana kwenye mwendo wa polepole. Mkia uanze kucheza kabla hujamaliza hatua moja ya tangi. Wa viungo aandike njia yake kama nyoka, upana sawa kulia na kushoto. Simamisha ghafla: aliye bora hugeuza kichwa kidogo, kama aliyeitwa jina. Baada ya hapo vuta kwa nguvu uone kama atapinduka. Ukimaliza hayo yote ndipo uangalie rangi, na macho yake, na jina lililopigwa muhuri tumboni. Jina ni la mwisho. Nimeona majina makubwa yakipinduka tumbo juu kwenye lile tangi, na nimeona samaki asiye na jina akiogelea mpaka mteja akasahau chai yake.

Wa mpira msiwachanganye. Msiweke wa kiwanda hiki juu ya wa kiwanda kile, wala msiwaweke kwenye kopo lolote la plastiki mnaloliokota. Wanatoa mafuta na kuyeyushana. Mwaka wangu wa pili niliwapanga kumi na wanane vizuri sana kwa rangi, kwenye kopo moja, karibu na dirisha lenye jua. Jumatatu nilikuta samaki mmoja mwenye mikia kumi na minane. Mama alimweka kaunta kwa mwaka mzima, na kila aliyeuliza alielekezwa kwangu.

Na dirisha. Mpira uliochanika tuliuyeyusha kwenye sufuria na kuumimina upya kwenye umbo la plasta. Moshi wake ni mbaya, na wa vanishi si mwema pia. Mama aliniambia kila wiki nifungue dirisha. Nilifungua akiwepo. Akitoka nililifunga, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisimama kunitazama na kuniuliza maswali, na mimi niliona afadhali moshi kuliko maswali. Miaka minane. Daktari alipoweka kile chombo chake kifuani mwangu alisikiliza kwa muda, akaniuliza navuta sigara ngapi. Sijawahi kuvuta hata moja. Titus, wewe pia nimekuona ukilisogelea lile dirisha watu wakipita. Liache wazi. Watu wakikuuliza, waambie jina lako. Hawana swali la pili.

Mwaka wa tano nilisema kwa sauti kwa mara ya kwanza, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa, kwani Brenda ameniuliza mara mbili.

Alikuja mama mmoja wa Shinyalu, Mama Rispa. Alikuwa amempikia mgeni fulani mpenda uvuvi, na mgeni huyo alipoondoka nchini alimwachia sanduku la samaki bandia. Lilikaa chini ya kitanda miaka mingi. Sasa jikoni kwake kulikuwa kunavuja na alitaka kuliuza. Siku hiyohiyo alikuwepo dukani bwana mmoja aliyevaa fulana ya mvuvi yenye mifuko kama ishirini, na sikuona chochote katika mfuko wowote. Akafungua sanduku mbele ya Mama Rispa. Akachagua watatu wakubwa wanaong'aa, wenye jina la kigeni tumboni.

"Hawa ndio wazuri," alisema. "Nitanunua sanduku zima kwa ajili ya hawa watatu. Haya mengine ni takataka, nakusaidia kuyatoa. Na huyu, huyu utanipa kama nyongeza tu."

Huyu alikuwa samaki wa mti wa kijivu, asiye na rangi wala jina, ameliwa na mchwa kidogo mkiani.

"Huyo wajukuu wanamtumianga kufungia mlango," Mama Rispa alisema. "Mchukue tu, baba."

"Bado ni kavu," Mama Imali akasema kutoka mbele. "Elphas, tangi."

Elphas ndiye mimi. Niliwavuta wale watatu. Wa kwanza alipinduka. Wa pili alipinduka. Wa tatu alienda vizuri hatua mbili akaanza kuzunguka kama aliyelewa. Nikatazama muhuri: herufi zilikuwa zimevimba, kama zinavyokuwa mtu akitengeneza umbo kutoka kwa samaki wa mwenzake badala ya kuwa na lake. Nakala. Kisha nikamfunga wa kijivu. Nilipomvuta polepole niliisahau ile hofu yangu. Aliandika njia pana, laini, sawa pande zote. Nilisimamisha. Akageuza kichwa.

"Yesu wangu," Mama Rispa alisema, "ananiangalia!"

Nikamtoa. Maji yakanitiririkia kwenye viatu. Niligeuka nimtafute Mama Imali nimnong'oneze, nikakuta amesimama mlangoni na mikono kifuani. Alitingisha kichwa kukataa. Pale mbele, upande wa pili wa kaunta, Mwalimu Shivachi alikuwa na mfuko wa chakula cha samaki begani, naye alikuwa amesimama kutazama.

"Huyu wa kijivu," nilisema.

"Eti nini?" yule bwana akasema. "Nimesikia kama mbu amepita."

Sijui hasira ilitoka wapi. "Huyu wa kijivu," nilisema tena, na safari hii nilijisikia mwenyewe, "thamani yake inazidi sanduku lote na vilivyomo. Hawa watatu ni nakala. Na yeyote atakayemnunua huyu asimpake rangi."

"Kijana, mimi nilianza kuvua kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, bwana. Ndiyo maana ulimwita nyongeza."

Mama Rispa alinitazama mimi, akamtazama bwana, kisha taratibu akamchukua samaki wa kijivu mkononi mwangu na kumweka ndani ya kitenge chake, kifuani. Yule bwana alitoka bila kuaga. Kesho yake alirudi na kumnunua kwa bei iliyozidi ya sanduku lote, kama nilivyosema, bila kubishana hata neno, na hapo nilijua kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo. Jikoni kwa Mama Rispa sasa kuna mabati mapya. Nimeyaona nikipita kwa pikipiki, yanang'aa kuliko wale samaki watatu.

Lakini nilichokumbuka zaidi ni Mwalimu. Nilimsikia akimuuliza Mama Imali, "Huyo ndiye yule?"

"Ndiye."

Akasogeza mfuko begani, akaondoka. Hakuvuka kaunta.

Baada ya hapo nilitaja thamani mwenyewe. Watu walianza kuja kutoka mbali, Mumias, Busia, mmoja hata kutoka Nakuru, wakimtafuta "yule kijana wa polepole." Sitaandika mengi hapo kwa sababu kujisifu kwa karatasi ni rahisi mno. Nitasema tu kwamba katika miaka mitatu iliyofuata hakuna samaki aliyerudishwa mezani kwangu kwa sababu nilimpima vibaya. Hilo najivunia, na nikiwa na kifua kibaya naweza bado kulisema bila kupumzika katikati.

Sasa Ijumaa yangu ya mwisho. Mlikuwepo, lakini mlikuwa wapya na hamkujua mnachokiona.

Nilikuwa nawaonyesha jinsi ya kunoa ndoana. Mwalimu Shivachi aliingia dukani, akasalimiana na Mama, na hakuuliza chakula cha samaki. Alivuka kaunta. Alikuja mpaka mezani akaweka kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Nimeleta pini," alisema.

Nilifungua. Kijani changu kilikuwepo bado mgongoni, na njano tumboni, lakini vilikuwa vimekwaruzwa hadi kwenye mti. Palikuwa na makovu manne yaliyochimbwa kwa ncha ya kisu. Katikati, badala ya pini, kulikuwa na msumari wa kabati uliopindwa.

"Nilikasirika mwaka mzima," Mwalimu alisema. "Halafu nikasema, mti ni mti, nikaenda naye ziwani. Rangi yako ni ngumu, kijana. Mbuta wanne wameshindwa kuimaliza." Akamtazama Mama Imali mlangoni. "Lakini kabla ya pini, nataka thamani. Kwa sheria yenu."

Tulitoka nje hadi kwenye tangi, sote watano. Nilimfunga, nikamvuta polepole. Alikuwa akivutwa kushoto na ule msumari kama mtu mwenye kiatu kimoja. Nikamtoa, maji yakitiririka.

"Anachechemea kwa sababu ya msumari, Mwalimu, na hilo ni dogo," nilisema. "Ana makovu manne. Alikuwa na kumi na moja. Nilimwondolea kumi na moja, na hiyo ndiyo thamani aliyopoteza."

Mwalimu aliinua kichwa. "Umesema ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi nakumbuka sita. Ndugu yangu anasema tisa. Tumebishana tangu mzee atutoke."

"Ni kumi na moja, Mwalimu. Niliyaziba moja moja."

Alinitazama kama alivyonitazama ile Ijumaa ya kwanza, muda mrefu, lakini si kwa namna ile. Kisha akatoa daftari mfukoni na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia.

"Sema."

Nikasema. Mnakumbuka kwamba sikuangalia popote ila yule samaki. Mawili shingoni, yamepakana, la nyuma lina kina zaidi. Moja chini ya jicho la kushoto, limechimbwa kwa mshazari.

"Hilo ni la mwaka nilipoingia sekondari," Mwalimu alisema huku akiandika. "Mbuta huyo alilipa karo. Endelea."

Matatu kwenye ubavu wa kushoto, yamepangana kama vifungo. Moja tumboni, karibu na ndoana ya mbele.

"Hilo silijui."

Mawili kipande cha katikati, upande wa kulia. Na mawili kwenye mkia, madogo, yamechimbwa na mkono uliokuwa unatetemeka.

Kalamu ilisimama. "Alitetemeka miaka yake ya mwisho," Mwalimu alisema. Akahesabu mistari yake, akahesabu tena. "Kumi na moja." Akachana ukurasa, akaukunja mara nne, akauweka mfuko wa shati, upande wa ndani.

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mahali pamoja. Nilirudi mezani kabla sijaombwa mengine. Niliung'oa msumari kwa koleo, nikachukua waya usioshika kutu, nikaupima, nikaukata, nikaupitisha kwenye vikuku, nikaukunja ncha. Kazi ya dakika kumi. Nilikuwa nimechelewa miaka minane.

Mwalimu alimvuta mwenyewe tangini. Samaki aliandika njia yake, kulia na kushoto sawasawa, na aliposimamishwa akageuza kichwa kidogo. Mwalimu akamvuta mara ya pili, bila sababu.

Na hapo, Titus, ulitaka kusaidia. Ulinyoosha mkono kwenye kopo la brashi ukasema, "Mwalimu, nimpake kidogo hapa palipokwaruzwa?"

"Wacha!" nilisema.

Mtu aliyekuwa akipita na mkokoteni barabarani alisimama. Brenda aliangusha tupa. Mama Imali alishika kiuno akacheka mpaka akaegemea tangi.

"Ala! Kumbe sauti ulikuwa nayo," alisema, "ukaniacha nipige kelele peke yangu miaka yote hii!"

Waya wa pini uko kwenye kopo la maziwa ya unga, rafu ya juu, upande wa dirisha. Mtu akileta pini, mpeni pini.